Je, Kadishi ni sala ya kumtaja marehemu?

Wengi huamini kwamba Kadishi, sala wanayosoma Wayahudi waliofiwa, ni maombi ya kumlilia marehemu na kumtaja kwa jina. Si ajabu: husomwa makaburini, na aliyefiwa na mzazi huisoma kwa desturi miezi 11.

Lakini maneno yenyewe ya Kadishi ya wafiwa hayataji kifo hata mara moja. Huanza kwa Kiaramu, "Yitgadal veyitkadash", yaani litukuzwe na litakaswe jina kuu la Mungu, kisha ni sifa juu ya sifa mpaka kufikia kuomba amani. (Ipo Kadishi nyingine ndefu zaidi, ya maziko, inayotaja kufufuliwa kwa wafu; huenda ndiyo iliyochanganya watu.) Jina la marehemu lina sala yake nyingine, El Male Rahamim. Tena mfiwa haachwi peke yake: sharti wawepo watu wazima 10, kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanaoshika sana sheria za kale, wawe wanaume, nao humwitikia "Amina".

Kuhakikisha si kazi kubwa. Chukua kitabu cha sala chenye tafsiri, pitia mstari kwa mstari ukitafuta "kifo" au "marehemu". Tazama kwanza kichwa cha ukurasa, maana Kadishi ziko za aina kadhaa.