Maana ya ushuru wa bidhaa zitokanazo na alumini

Nchini Marekani, alumini inayotoka nje hutozwa ushuru wa forodha chini ya kifungu cha 232 cha Sheria ya Upanuzi wa Biashara ya mwaka 1962. Kifungu hicho kinamruhusu rais kubana uagizaji wa bidhaa iwapo uchunguzi wa Wizara ya Biashara utaona kwamba unatishia usalama wa taifa. Donald Trump alianza na asilimia 10 mwaka 2018. Machi 2025 zikawa 25, na Juni mwaka huohuo 50, isipokuwa kwa Uingereza, iliyobaki kwenye 25. Anayelipa forodhani ni mwagizaji wa Marekani.

Mwanzoni ushuru uliangukia hasa metali yenyewe: mikuo, bamba, foili, mabomba. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtengenezaji wa fremu za madirisha aliyeko Marekani akawa ananunua alumini kwa bei iliyopanda, hata ile ya nyumbani, kwa kuwa wauzaji wa ndani nao hupandisha bei. Mshindani wake wa ng'ambo alinunua kwa bei nafuu, akakata na kuunga hukohuko, kisha akaingiza fremu iliyokamilika bila kuguswa na ushuru ule. Kinga ya mzalishaji wa metali ikageuka mzigo kwa mteja wake.

Bidhaa zitokanazo ni jina la kisheria la vitu kama fremu hiyo: vilivyotengenezwa kwa alumini, au vyenye alumini ndani yake, ambavyo ushuru hupanuliwa ili kuvifikia. Mwaka 2020 ziliorodheshwa chache, zikiwemo nyaya za alumini na bampa za magari. Aprili 2025 yakaingia makopo matupu na hata bia ya kopo. Agosti zikaongezwa namba 407 za forodha, yaani aina 407 za bidhaa, za chuma na alumini kwa pamoja. Kwangu hili halishangazi. Kila bidhaa ikishaingizwa kwenye orodha, mtengenezaji wa hatua inayofuata naye huanza kulalamika, na ana haki.

Kwa kanuni za 2025, bidhaa nyingi za namna hii zilitozwa kwa thamani ya alumini iliyomo tu. Kwa kiwango cha asilimia 50, mashine ya dola 1,000 yenye alumini ya dola 200 ililipiwa dola 100. Mwagizaji asiyejua thamani hiyo alitozwa kwa bei nzima, yaani dola 500, hivyo makaratasi ya kiwanda cha ng'ambo yakawa na thamani ya pesa taslimu.

Ushuru hauwashi tanuri kwa siku moja, hata hivyo. Tani moja ya alumini mpya hula takriban kilowati-saa 14,000 za umeme. Ndiyo maana Kanada, yenye mabwawa ya umeme katika jimbo la Quebec, imekuwa muuzaji mkuu kwa Marekani, na ndiyo maana mwekezaji huulizia kwanza mkataba wa umeme wa miaka mingi kabla ya kuuliza kiwango cha ushuru.