Je, wajua Mfalme Arthur alifikaje juu ya mlango wa kanisa Italia?

Arthur si ndio yule mfalme wa Uingereza wa kwenye hadithi, wa upanga uliochomolewa kwenye jiwe na meza ya duara. Sasa nenda Modena, kaskazini mwa Italia, zunguka upande wa kaskazini wa kanisa kuu la pale, unamkuta huyo huyo kachongwa kwenye tao la mlango, yuko juu ya farasi, na jina lake limeandikwa kabisa: Artus de Bretania. Kanisa lilianza kujengwa 1099. Mlango wenyewe unaitwa Porta della Pescheria, yaani mlango wa soko la samaki.

Picha iko hivi. Katikati kuna ngome, ndani yake mnaonekana mwanamke na mwanamume, Winlogee na Mardoc. Upande wa kushoto Arthur anakuja na wenzake wawili, mmoja Isdernus na mwingine hakuandikwa jina, anayewazuia ni Burmaltus ambaye hana hata farasi, kasimama kwa miguu yake na kitu kama sururu mkononi. Upande wa kulia Carrado katoka kupambana na Galvagin, na nyuma ya Galvagin wanafuata Galvariun na Che. Hebu yasome hayo majina kwa sauti, utaanza kuwajua wenyewe: Galvagin ndio Gawain, Che ndio Kay, wote wapiganaji maarufu wa Arthur kwenye hadithi, na Winlogee wataalamu wengi wanasema ni Guinevere, mke wa Arthur. Kwa hiyo hapo mke wa mtu kachukuliwa, kafungiwa ngomeni, na mume kaja na watu wake kumfuata.

Hapa ndo patamu. Kitabu kilichomtangaza Arthur Ulaya nzima ni kile cha Kilatini cha Geoffrey wa Monmouth, kilichotoka miaka ya 1136 mpaka 1138 hivi. Ile hadithi maarufu ambayo malkia anatekwa, halafu Lancelot, mpiganaji mwingine wa Arthur, anakwenda kumkomboa, ya Mfaransa Chrétien de Troyes, ilikuja karibu na 1180. Nakshi za Modena wengi wanaziweka kati ya 1100 na 1140 na mabishano hayajaisha, lakini hata ukishika huo mwaka wa mwisho bado zimemtangulia Chrétien miaka kama 40, na Lancelot kweli hayumo kabisa. Halafu Geoffrey yeye malkia anamwita Guanhumara, wakati Winlogee linafuata matamshi ya Wabretoni wa kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Mimi naona fundi wa Modena hakunakili kitabu cha mtu, alisikia kisa kikisimuliwa.

Kilifikaje? Modena iko kwenye Via Emilia, barabara ya tangu enzi za Warumi, wasafiri na mahujaji walikuwa wanapita hapo. Na mwaka 1096, kwenye Vita vya Msalaba vya kwanza, wapiganaji wa Normandia na Wabretoni walishuka Italia mpaka kusini wakakaa huko majira yote ya baridi kabla ya kuvuka bahari, na watu wakikaa kambini miezi yote hiyo wanafanya nini jioni kama sio kusimuliana. Ni kama Abunuwasi wetu, alikuwa mshairi wa Baghdad, leo bibi yako anakusimulia vituko vyake kama vile aliishi mtaa wa pili.

Na ukiwa pale usimtazame Arthur peke yake ukaondoka. Kwenye miimo ya mlango kuna miezi 12 na kazi zake za shamba, na kwenye linta, yaani boriti ya juu ya mlango, chini tu ya wale wapiganaji, majogoo wawili wamembeba mbweha kwenye machela wanampeleka kuzika. Aliyekulia kwenye hadithi za sungura anajua kitakachofuata, maana huyo mbweha hajafa, anasubiri tu wasogee.