Mzee mwenye goti bovu asiachwe kitini

Lalamiko linalojirudia siku hizi kwenye sanduku la maoni la kitengo chetu cha fiziotherapia hapa Tanga ni la ndugu waliokodi Bajaj kutoka Pongwe au Makorora kumleta mzee wao anayeumwa magoti, akaishia kufundishwa kuinuka kwenye kiti. Sindano hakuchomwa. Tunalipokea lalamiko hilo kwa heshima, ila kule kuinuka kwenye kiti ndiko kutibiwa kwenyewe.

Goti likiuma muda mrefu, msuli mkubwa wa mbele ya paja hulegea. Maumivu na uvimbe huuzuia kukaza sawasawa, ndipo mzee anaposema goti "limemwachia". Akiogopa, anakaa. Akikaa, paja linasinyaa, na usiku akienda msalani anaanguka. Nyonga ikivunjika, habari za goti mtazisahau.

Wengi hutueleza kwamba goti limeisha mafuta. Jamani, goti si gia ya Fuso. Kinacholika ni gegedu, ule utando mgumu wenye utelezi unaofunika ncha za mifupa, na goti lililovimba mara nyingi lina maji mengi kupita kawaida. Wengine wameshauriwa na majirani wampumzishe mzee kabisa, kisha wanamnunulia dawa ya maumivu ya diclofenac duka la dawa mwezi hadi mwezi. Dawa hiyo ikitumika hivyo huweza kuchubua tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha.

Pimeni nyumbani. Mzee asimame kando ya meza nzito, mtu mwenye nguvu awe ubavuni, ainue mguu mmoja. Asipofikisha sekunde 5, yumo kwenye hatari ya kuanguka na kuumia. Mazoezi yaanze hapohapo mezani: asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, hadi sekunde 10. Kiti cha kuinukia kiegemezwe ukutani, kiwe kirefu kidogo. Bibi asianzie kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kwa wenye miaka 65 na zaidi, Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili, yaani kusimama bila kuyumba, siku 3 au zaidi kwa wiki. Maumivu yakipanda kidogo na kutulia kufikia kesho yake, aendelee. Goti likiwa la moto na jekundu, au akiwa na homa, aletwe hospitali siku hiyohiyo.

Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande wa goti zima, lisilouma. Narudia: upande wa goti zima. Akisimama na viatu vyake, kichwa cha fimbo kilingane na mkunjo wa kifundo cha mkono. Fimbo ya urithi ya marehemu babu, aliyekuwa mrefu, humpandisha bega na kumyumbisha. Mpira wa chini ukilika, ubadilishwe.

Kuhusu utaratibu: mwenye miaka 60 na kuendelea aanzie dirisha la wazee. Aje na barua ya rufaa kutoka zahanati au kituo cha afya, na kitambulisho chake cha matibabu ya wazee kama anacho. Asiye nacho na hana uwezo wa kulipa apitie kwanza serikali ya mtaa, apewe barua yenye picha na mhuri. Mhuri ugongwe juu ya ukingo wa picha, si pembeni. Barua isiyo na mhuri tutairudisha, hata mkipiga simu kwa nani. Kisha ataonana na afisa ustawi wa jamii, ndipo faili lifunguliwe. Anayetumia kitambulisho cha mwenziwe, huduma husimamishwa na suala hupelekwa kwa uongozi, kwa sababu vipimo vyake huandikwa kwenye faili la mtu mwingine na mwenye faili anaweza kutibiwa maradhi yasiyo yake.

Siku ya miadi, mzee aje na fimbo yake na kandambili zilezile anazoshindia nyumbani. Viatu vya Idi abakishe kabatini, maana havitatuonyesha anavyotembea.