Mtaa wako kwenye ramani si wa sasa hivi
Shangazi alipoiona nyumba yake kwenye Google Street View, yaani picha za mitaani ndani ya ramani za Google, aliinuka akafunga pazia. Alidhani kuna kamera inamchungulia saa ile ile. Wengine husema ni setilaiti. Setilaiti huona mabati. Kibao cha kinyozi ukutani haikisomi.

Picha hizi, tangu huduma ianze Marekani mwaka 2007, hupigwa hasa na gari lenye kamera juu, likipita barabarani. Kwenye vichochoro mtu huibeba kamera mgongoni. Programu huziunga picha ziwe duara la nyuzi 360, na mwezi na mwaka wa kupigwa huandikwa pale pale kwenye skrini, ila nani husoma! Kilichomtuliza shangazi ni mwembe: pichani umestawi, uani kwake kimebaki kisiki.

Nyuso na namba za magari hutiwa ukungu na kompyuta, ingawa nyingine huponyoka. Ukijiona, ripoti tatizo. Hata nyumba nzima inaweza kufichwa. Fikiri kwanza, maana ikishafichwa hairudishwi. Shangazi alikataa. Alitaka mwembe wake uendelee kuonekana.