Tarehe ikigeuzwa namba: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Kompyuta haijui Jumatatu wala mwezi Machi. Inachohifadhi ni namba, na karibu kila lugha ya programu inakupa njia fupi ya kupata namba hiyo kutoka kwenye tarehe. Ufupi huo ndio unaotuponza. Namba ikishapatikana inaonekana safi, inajumlishika, inalinganishika, na hapo tunasahau kuuliza mambo mawili: imeanza kuhesabiwa lini, na kwa kipimo gani? Dhana zifuatazo karibu zote zinatokana na kusahau huko.

Dhana: kila tarehe ina namba yake moja

Haina. Mifumo ya ukoo wa Unix, kama Linux, huhesabu sekunde tangu saa 00:00:00 ya tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima. Windows, kwa ndani, huhesabu vipande vya nanosekunde 100 tangu 1 Januari 1601. SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, kwa aina yake ya `datetime` (tarehe pamoja na saa), huhesabu siku tangu 1 Januari 1900, na siku hiyo ni 0. Excel nayo huanzia hapo hapo, ila kwake siku hiyo ni 1. Tena Excel inaihesabu 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwepo. Kosa hilo lilichukuliwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, ili mafaili ya programu hizo mbili yaelewane, na limebaki hadi leo.

Chukua 10 Machi 2024. Kwenye SQL Server ni 45359, kwenye Excel ni 45361. Ukitoa namba kwenye hifadhidata na kuibandika kwenye jedwali la Excel, tarehe inarudi nyuma siku mbili bila onyo lolote. Na kama faili la Excel limewekwa kwenye mfumo wa 1904, unaoanza kuhesabu mwaka huo badala ya 1900, pengo kati yake na mafaili ya kawaida ni siku 1,462. Kwa hiyo namba ya tarehe isisafiri peke yake kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Ama iambatane na maelezo ya mwanzo na kipimo chake, ama itumwe kama maandishi ya mtindo wa ISO 8601, yaani 2024-03-10.

Dhana: kuigeuza kuwa namba kamili kunaondoa saa na kubakiza siku

Hii ni hatari zaidi kwa sababu asubuhi inafanya kazi vizuri. Kwenye SQL Server, saa 15:00 ya 10 Machi 2024 ni 45359.625. Ukiigeuza `datetime` hiyo kuwa `int`, yaani namba kamili, mfumo haukati desimali, unakadiria kwenda namba ya karibu. Unapata 45360, yaani 11 Machi. Kila tukio la baada ya saa sita mchana linahamia kesho yake, na ripoti ya siku inakuwa ya uongo nusu nzima. Anayejaribu msimbo wake kabla ya mchana hataliona kosa hili. Ukitaka siku peke yake, igeuze kuwa aina ya `date`.

Kuna ndugu yake upande wa Unix. Watu hugawanya sekunde kwa 86400 ili wapate siku. Kwa tarehe za baada ya 1970 ni sawa. Lakini sekunde moja kabla ya mwanzo huo ni -1, na kwenye C au Java mgawanyo wa namba kamili hukata kuelekea sifuri. Jibu linakuwa 0 badala ya -1, na 31 Desemba 1969 inageuka 1 Januari 1970. Java ina `Math.floorDiv` kwa ajili hiyo, na Python hushuka chini yenyewe ukitumia `//`.

Dhana: sekunde na milisekunde zitajulikana tu

Python hukupa sekunde, JavaScript na Java hukupa milisekunde. Namba 1700000000 kama sekunde ni 14 Novemba 2023. Ukiisoma kama milisekunde ni 20 Januari 1970. Ukiona Januari 1970 kwenye skrini yako, anza kukagua hapo kabla ya kugusa kitu kingine.

Dhana: namba yoyote ya tarehe inaweza kutolewa na kujumlishwa

Hifadhidata ya MySQL ukiiambia `NOW() + 0`, yaani muda wa sasa kama namba, inakupa namba kama 20240310100000. Hizo si sekunde tangu popote. Ni mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde zilizopangwa mstari mmoja. Kwa kupanga rekodi zifuatane, inafaa kabisa. Kwa kutoa, angalia: saa 10:00:00 ni 100000, saa 09:59:59 ni 95959. Tofauti ya kweli ni sekunde moja, ila hesabu inatoa 4041. Tumia `TIMESTAMPDIFF` au `UNIX_TIMESTAMP`.

Dhana: desimali ni salama kuliko namba kamili

Namba ya desimali ya biti 32 ina biti 24 tu za usahihi. Sekunde za Unix za siku hizi zimezidi bilioni 1.7, na kwenye ukubwa huo namba hiyo inaruka kwa hatua za sekunde 128. Zaidi ya dakika mbili zinamezwa. Biti 64 zinatosha kwa milisekunde na hata mikrosekunde, lakini nanosekunde hazikai humo. Hizo zihifadhiwe kwenye namba kamili ya biti 64.

Dhana: kompyuta za biti 64 zimemaliza tatizo la 2038

Safu ya hifadhidata iliyotangazwa kuwa namba kamili ya biti 32 inabaki na biti 32 hata kwenye mashine mpya kabisa. Kikomo chake ni 2147483647, na kwa sekunde za Unix hiyo ni 19 Januari 2038 saa 03:14:07 UTC; baada ya hapo namba haitoshi tena, na ndilo tatizo lenyewe. Mikopo na mikataba ya miaka mingi imeshaanza kuvuka tarehe hiyo.

Dhana: tarehe ya kuzaliwa nayo ni muhuri wa muda (namba ya wakati, kama ile ya Unix)

Hili nalisisitiza kwa sababu linamgusa mtu mwenyewe. Ukiiandika 1990-05-05 kwenye `Date` ya JavaScript, inasomwa kama usiku wa manane wa UTC. Ifungue kwenye kompyuta iliyoko New York ukiomba saa za pale, na utaona 4 Mei, saa 20:00. Mtu amebadilishiwa siku yake ya kuzaliwa. Namba ya Unix hutaja nukta moja ya wakati kwa dunia nzima, wala haina ukanda wa saa ndani yake. Siku ya kuzaliwa haina nukta, ni siku ya kalenda, na inastahili kuhifadhiwa kama siku ya kalenda.

Miadi ya mwakani nayo ina shida inayofanana. Serikali zinaweza kubadili kanuni za saa za nchi zao kabla siku haijafika, na namba uliyokokotoa leo itaelekeza saa nyingine. Kwa miadi ya aina hiyo hifadhi saa ya mahali husika pamoja na jina la ukanda, kama Europe/Paris, na ukokotoe namba siku inapokaribia.