Mboni ikipanuka, je, jicho nalo linarefuka?

Kwenye benchi la kliniki ya macho hapa Bukavu, mtu anayesubiri kutolewa mtoto wa jicho akishatiwa matone ya kupanua mboni huanza kuwa na wasiwasi. "Munganga, mumenitia dawa, jicho limefunguka lote. Si mutapata kipimo cha uongo? Mutaniwekea lenzi isiyo yangu."

Hofu hiyo ina mantiki. Mboni yenye milimita 2 kwenye jua la mchana inaweza kufika 8 kwa dawa, yaani eneo lake linakua mara 16. Kitu kinachokua kiasi hicho mbele ya mashine ya kupimia kitakosaje kuvuruga vipimo? Hata waliosoma hudhani hivyo, ila urefu wa jicho, ambao ndio unaosaidia kuchagua nguvu ya lenzi ya kupandikiza, hauvurugiki.

Urefu wa jicho ni mstari kutoka konea, ile ngozi angavu ya mbele, hadi kitovu cha retina, tabaka linalopokea mwanga huko nyuma. Kwa mtu mzima ni kama milimita 23.5. Mboni si kipande cha mstari huo. Ni tundu tu ambamo mstari unapita. Fikiria nyumba yenye pazia dirishani. Uko nje, unamulika tochi hadi ukuta wa nyuma ili upime umbali. Vuta pazia lote: ukuta haujasogea hata unene wa kidole. Acha upenyo mwembamba: ukuta uko palepale, ila mwanga unarudi hafifu, pengine haurudi kabisa. Na pazia likiwa wazi kabisa, mkono ukiyumba kidogo tochi inapiga mshazari, kwenye kona badala ya katikati. Namba inabadilika, nyumba haijabadilika.

Ndiyo maana mashine zinazopima urefu wa jicho kwa mwanga, zilizoanza kuenea tangu mojawapo iitwayo IOLMaster ilipotoka mwaka 1999, humtaka mgonjwa akazie macho taa ndogo nyekundu. Shida ya mboni pana iko hapo: mwanga unamchoma, anaona ukungu, macho yanatangatanga. Kwa mwenye jicho refu sana lililofanya mfuko nyuma, kutangatanga huko kunagharimu. Upande mwingine, ukungu wa lenzi ukiwa umeziba katikati, kupanua mboni kunaweza kuupa mwanga njia ya pembeni, na kipimo kilichogoma kikapatikana.

Wanaopima kabla na baada ya matone kwa kawaida hukuta tofauti ya sehemu chache za mia za milimita. Milimita 1 nzima ya kosa huleta kosa la miwani la kama dioptri (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hadi 3. Kwa hiyo milimita 0.02 ni kama dioptri 0.05. Lenzi nyingi za kupandikiza hutengenezwa kwa hatua za dioptri 0.5. Tofauti yote hiyo imemezwa na hatua hizo.

Ukitaka mkosaji wa kweli, tazama mkono. Kwenye ekografi ya kugusa, yaani kupima kwa mawimbi ya sauti kwa kifaa kinachogusa konea, fundi akigandamiza konea kidogo tu, jicho linasomeka fupi kwa milimita 0.1 hadi 0.3. Hesabu inatoa lenzi kali kupita kiasi, na mgonjwa anatoka haoni vizuri mbali. Hapo mboni haihusiki hata kidogo.

Matone yana hatia ndogo, lakini kwa majirani wa urefu, yaani vipimo vingine vya jicho. Yanalegeza msuli unaoshika lenzi; lenzi inakuwa nyembamba na inarudi nyuma, kwa hiyo chumba cha mbele cha jicho kinaongezeka kina. Kati ya fomula za kukokotoa nguvu ya lenzi, ya SRK/T haikiulizi chumba hicho, ya Haigis inakiuliza, na jibu lake linaweza kusogea kidogo. Tena kugusagusa konea na kuidondoshea dawa huharibu utando wa machozi, na mkunjo wa konea unasomeka vibaya. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hupima kwanza, ndipo wakatia matone.

Kwa watoto wanaofuatiliwa myopia, yaani kutoona vizuri mbali, kuna ajabu nyingine. Atropini, mojawapo ya matone yanayopanua mboni, hunenepesha kidogo koroidi, tabaka la mishipa ya damu nyuma ya retina, na retina inasukumwa mbele kwa mikromita kadhaa. Jicho linaonekana limefupika. Ukubwa wa athari hiyo hutofautiana kati ya dawa, dozi na mtoto mmoja na mwingine, lakini anayefuatilia ukuaji mdogo wa mwaka mzima hawezi kuupuuza: kipimo cha Januari bila matone hakilinganishwi na cha Julai chenye matone.