Je, wajua kwa nini mwizi wa Glengarry Glen Ross anajikamatisha mwenyewe?

Tamthilia ya David Mamet, Glengarry Glen Ross, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1983 na kutunukiwa tuzo ya Pulitzer mwaka 1984, inahusu wauza viwanja wa Chicago. Ofisini mwao kuna shindano: anayeongoza kwa mauzo anazawadiwa gari la kifahari, Cadillac, wawili wa mkiani wanafukuzwa. Usiku mmoja ofisi inavunjwa, majina ya wateja yanaibwa. Mwizi ni Shelley Levene, mkongwe aliyewahi kuvuma ambaye siku hizi hauzi kitu. Hakuna aliyemwona, na mpelelezi aliyekuja kuhoji watu hajamgundua. Anakamatwaje basi?

Kwa mdomo wake.

Asubuhi yake mteja aitwaye James Lingk anakuja kuvunja mkataba, maana mkewe amekataa. Ricky Roma, hodari kuliko wote pale, anamzungusha kwa maneno, huku Levene akijifanya tajiri mwenye haraka ya safari. Uongo wao unapokezana bila hata kukonyezana, na kwangu hiki ndicho kipande kitamu kuliko vyote. Ghafla meneja, John Williamson, anamwambia Lingk kwamba mkataba wake umeshafika benki, kinyume na alivyoaminishwa na Roma. Lingk anaondoka, mauzo yanaharibika. Roma anamporomoshea meneja matusi na kumuuliza nani alimdanganya kwamba anaweza kufanya kazi na wanaume.

Levene angenyamaza, yangeishia hapo. Lakini ametoka kuuza viwanja vya dola 82,000, na baada ya ukame mrefu anajiona dume tena. Anaendeleza karipio: ukitunga uongo, tunga unaosaidia. Williamson anashtuka. Ni kweli alitunga. Mkataba ule aliuacha mezani usiku kucha. Angejuaje hilo mtu asiyeingia ofisini usiku ule?

Jukwaani hamna mwanamke hata mmoja. Uanaume wa watu hawa unapimwa kwa mauzo na kwa kumdhalilisha asiyeuza, tena mbele ya wenzake. Ndiyo maana Levene, anayeweza kumficha mteja lolote, anashindwa kumficha Williamson werevu wake. Anapobembeleza asishtakiwe, Williamson anamweleza kwamba hata zile dola 82,000 hazipo: wanandoa walioandika hundi hawana akili timamu, na wanachopenda ni kuzungumza na wauzaji tu.